Sauti Imegeuka Pumzi Tangu Nitolewe Rovu: Nikubali Upasuaji wa Upande wa Pili?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Mkoa wa Njombe, mama wa watoto watatu, na nina umri wa miaka 41. Nimekuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, tangu usichana wangu, kama walivyokuwa nalo mama na bibi yangu, na kwa miaka mingi sikulijali kwa kuwa halikuniuma. Mwaka jana lilianza kunibana pumzi nikilala chali, na picha ikaonyesha kwamba upande wa kulia umekua hadi unalisukuma koo la hewa pembeni. Wiki saba zilizopita nilipasuliwa na upande huo wote ukaondolewa. Nyama iliyotolewa ilipimwa, ikaonekana haina saratani, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Nilipozinduka kutoka kwenye nusukaputi nilifungua kinywa kumwita muuguzi, ikatoka pumzi tupu. Daktari aliyenipasua aliniambia kwamba bomba la kupumulia limenikwaruza koo na kwamba sauti itarudi yenyewe baada ya siku chache. Sasa ni wiki saba. Imerudi kidogo, lakini ni sauti ya mtu aliyetoka kupanda mlima: sentensi moja naikata mara tatu ili nivute hewa, wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanaokaa nyuma hawanisikii, na nikijaribu kupaza, shingo inaniuma hadi nyuma ya masikio. Ikifika jioni sina sauti kabisa. Kinachoniaibisha zaidi ni maji. Uji mzito unapita salama, chai inapita kwa shida, lakini maji yananipalia kila siku, nakohoa hadi machozi yanatoka, na kikohozi chenyewe hakina nguvu. Siku hizi sinywi kitu mbele za watu.

Nyumbani maneno ni mengi. Mume wangu anaamini kwamba daktari alizikata nyuzi za sauti akanyamaza, na anataka twende tukashtaki. Mama mkwe, kwa mapenzi tu, hunipa mayai mabichi na asali kila alfajiri. Jirani yetu amesema ninong'one ili sauti ipumzike, basi nanong'ona kutwa nzima. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, lakini ameanza kuuliza nitarudi lini kwenye vipindi vyangu vyote.

Linaloninyima usingizi hasa ni hili: nimepangiwa upasuaji wa upande wa kushoto, wiki tano kutoka leo. Upande huo una vinundu vidogo ambavyo havinisumbui, ila daktari anasema ni heri kuimaliza kazi. Nilipomuuliza kuhusu sauti alijibu kwamba hiyo ilitokana na upande mwingine na haihusiani na upasuaji huu. Tangu nitoke hospitalini hakuna aliyeniangalia ndani ya koo kwa kifaa chochote.

Naomba unieleze bila kunificha. Upasuaji wa tezi unaharibuje sauti, wakati tezi haitoi sauti? Je, sauti yangu itarudi? Nikubali upasuaji wa pili? Na ingawa ni swali dogo kuliko mengine, nimeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu tangu nikiwa na miaka 16. Je, nitaimba tena?

Mwalimu, Njombe

Mwalimu, pole sana, na asante kwa barua iliyoeleza dalili kwa ukamilifu ambao madaktari wengi wangeufurahia. Nitaanza na swali lako la tatu kwa sababu ndilo lenye tarehe. Usiingie katika chumba cha upasuaji kwa ajili ya upande wa kushoto kabla nyuzi zako za sauti hazijatazamwa kwa kamera na daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Jibu ulilopewa, kwamba sauti ilitokana na upande mwingine na kwa hiyo haihusiani, nalipinga kabisa. Inahusiana mno, na ili uone ni kwa nini inabidi nikueleze jinsi zoloto linavyopata amri zake.

Zoloto ni kile kisanduku cha gegedu kilicho mbele ya shingo, unachoweza kukigusa kikipanda na kushuka unapomeza. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti, wa kulia na wa kushoto, zilizoungana kwa mbele na kuachana kwa nyuma kama herufi V. Unapovuta hewa huachana ili njia iwe wazi. Unaposema hukutana katikati, na hewa inayopanda kutoka mapafuni huzitetemesha. Unapomeza hufungana kwa nguvu ili chakula na maji vielekee kwenye umio badala ya kuingia mapafuni. Kazi hizo zote hufanywa na misuli midogo sana, na msuli ambao hauletewi amri na neva yake hulala, hata kama wenyewe ni mzima kabisa. Kwa hiyo mume wako anakosea katika jambo moja: tezi ya thairoidi iko nje ya zoloto, chini yake kidogo, imelikumbatia koo la hewa kama kipepeo aliyetua, na anayeiondoa hafiki zilipo nyuzi za sauti. Anachokaribia ni neva.

Kila upande wa zoloto hupata neva mbili, na zote ni matawi ya neva kubwa ya kumi inayotoka kwenye ubongo na kushuka shingoni hadi kifuani na tumboni. Ya kwanza hutoka juu na kugawanyika mara mbili: tawi la ndani huleta hisia za sehemu iliyo juu ya nyuzi za sauti, na tawi la nje huamrisha msuli mmoja tu, ule unaokaza nyuzi za sauti ili tuweze kupandisha sauti juu. Ya pili huamrisha misuli mingine yote ya ndani ya zoloto, ya kufungua na ya kufunga, na huleta hisia za chini ya nyuzi hizo. Hii ya pili ndiyo ninayoishuku katika habari yako, na njia yake ni ya ajabu kiasi kwamba sitaki kuipita haraka.

Mtu angetarajia kwamba neva inayohudumia zoloto itatoka kwenye neva mama pale pale shingoni na kuingia moja kwa moja. Haifanyi hivyo. Upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, hupita chini ya upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, kisha hugeuka na kupanda tena shingoni hadi kwenye zoloto. Upande wa kulia huzunguka chini ya mshipa wa damu unaokwenda mkononi, chini ya mtulinga, nao hugeuka na kupanda. Ndiyo maana wataalamu huiita neva irudiayo. Sababu yake iko katika ukuaji wa mimba: mwanzoni kabisa moyo na mishipa yake mikubwa viko karibu na koo, neva ikiwa imepita chini ya mishipa hiyo, na moyo unaposhuka kifuani huiburuta neva pamoja nao. Twiga, mnyama ambaye nchi yetu imemfanya nembo, anaudhihirisha mchezo huu kuliko sisi sote, maana kwake neva hiyo hushuka shingo nzima na kuipanda tena, safari ya mita kadhaa, ili kufika mahali palipo karibu kabisa na ilikoanzia.

Inapopanda, neva hupita katika mfereji mwembamba kati ya koo la hewa na umio, nyuma kabisa ya tezi ya thairoidi. Hukutana na mshipa wa damu unaoilisha tezi kutoka chini, wakati mwingine ikipita mbele yake, wakati mwingine nyuma, wakati mwingine kati ya matawi yake, na kabla tu ya kuingia kwenye zoloto hupita jirani na kano fupi ngumu inayoishikiza tezi kwenye koo la hewa. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Ili tezi itoke ni lazima kano ile ikatwe, na ili ikatwe ni lazima tezi ivutwe mbele, na tezi ikivutwa neva nayo huvutika. Rovu la miaka 25, lililokwisha kulisukuma koo la hewa pembeni, huwa limeisukuma na neva pia kutoka mahali pake pa kawaida. Tena upande wa kulia, ambao ndio wako, kuna watu wachache, chini ya mmoja katika kila 100, ambao neva yao hairudi kutoka kifuani bali hukatiza moja kwa moja kutoka kwenye neva mama; daktari anayeitafuta mahali ilipozoeleka anaweza kuikosa akiwa na nia njema kabisa.

Jambo hili limejulikana zamani. Katika karne ya 2, Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma, alionyesha mbele ya watu kwamba nguruwe anayepiga kelele huendelea kutapatapa lakini hunyamaza ghafla neva hizi zinapokatwa. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi ya thairoidi, alisifika kwa upasuaji wa taratibu usio na damu nyingi, na mwaka 1938 Frank Lahey wa Boston, Marekani, alisisitiza kwamba daktari asiiogope neva kwa kuikwepa, bali aitafute, aione kwa macho na aifuate kila anapopasua. Hilo ndilo linalofundishwa hadi leo. Hospitali zenye uwezo huongeza kifaa kinachosikiliza neva: bomba la kupumulia huwa na vipokezi vinavyogusa nyuzi za sauti, daktari huigusa neva kwa umeme mdogo sana, na mashine hutoa mlio iwapo msuli umeitika. Kifaa hicho hakichukui nafasi ya macho na mikono, lakini humwambia daktari jambo moja ambalo macho hayawezi, yaani kama neva inayoonekana nzima bado inafanya kazi.

Kwa hiyo, je, daktari wako alikata neva? Kutoka kwenye barua siwezi kujua, na mume wako hawezi kujua pia. Majeraha mengi ya neva hii hayatokani na kukatwa bali na kuvutwa, kubanwa au kuunguzwa na joto la kifaa cha kuzuia damu, na neva huonekana nzima mbele ya macho ya daktari. Hutokea pia mikononi mwa mabingwa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba udhaifu wa muda huwapata wagonjwa kati ya 5 na 10 katika kila 100, na ule wa kudumu huwapata mmoja au wawili, huku hatari ikiongezeka pale rovu linapokuwa kubwa, pale kunapokuwa na saratani au pale mtu anapopasuliwa mara ya pili mahali palepale. Haki yako kubwa zaidi, nionavyo mimi, iko kwingine. Ulistahili kuambiwa kabla ya kutia saini kwamba sauti inaweza kuathirika, hasa wewe ambaye sauti ndiyo jembe lako. Na sauti iliposhindwa kurudi baada ya wiki mbili au tatu, ulistahili kutazamwa. Bomba la kupumulia ni kweli hukwaruza koo, lakini ukwaruzo wake kwa kawaida hupoa ndani ya siku chache au wiki moja hivi, wala haumfanyi mtu apaliwe na maji wiki saba baadaye.

Dalili zako zinakaa pamoja kama vipande vya chungu kimoja. Uzi wa sauti wa kulia ukiwa umelala, haufiki katikati kukutana na mwenzake, na mwanya unaobaki kati yao hupitisha hewa bure. Ndiyo maana sauti ni ya pumzi na sentensi inakatika. Mwanya huohuo ndio unaoyapokea maji. Uji mzito hutembea polepole na kuwapa misuli iliyobaki muda wa kufunga njia, ilhali maji hukimbia na kufika kabla mlango haujafungwa. Kikohozi ni dhaifu kwa sababu ili mtu akohoe kwa nguvu lazima kwanza afunge zoloto na kukusanya hewa nyuma yake. Maumivu ya shingo unapopaza ni ya misuli ya nje ya zoloto ikijaribu kufanya kazi isiyo yake. Hata hivyo yote hayo ni makisio mpaka pale kamera itakapoonyesha uzi upi unatembea na upi umesimama.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Kamera nyembamba inayopindika hupitishwa puani ukiwa umekaa, mara nyingi baada ya kupuliziwa dawa ya ganzi, unaambiwa useme "iii", unuse kwa nguvu, ukohoe, na kwa dakika chache kazi imekwisha. Omba barua ya rufaa hospitalini kwako ikupeleke kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, au kama kuna ulazima kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili au KCMC mjini Moshi, ambako wako mabingwa wa masikio, pua na koo. Unapokwenda, beba nakala ya taarifa ya upasuaji. Una haki ya kuiomba, na uiombe kwa utulivu. Ndani yake panapaswa kuandikwa kama neva ya kulia ilionekana na ilikuwa katika hali gani mwishoni. Neva iliyoonekana nzima ina matumaini tofauti kabisa na ile ambayo haikuonekana.

Sasa turudi kwenye upande wa kushoto. Tuseme uzi wako wa kulia umelala kweli. Leo unapumua kwa sababu wa kushoto unafunguka. Msuli unaofungua kila uzi ni mmoja tu, nao unategemea neva ileile irudiayo. Ikiwa neva ya kushoto itavutwa katika upasuaji wa wiki tano zijazo, hata kwa muda, nyuzi zote mbili zinaweza kusimama karibu na katikati na kukataa kufunguka. Hapo hutokea kioja cha kikatili: sauti ya mgonjwa huweza hata kuonekana imepata nafuu, kwa kuwa mwanya umepungua, lakini hewa haipiti, na kila pumzi huvutwa kwa mlio kama wa filimbi. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo hulazimika kutobolewa tundu shingoni ili wapumue. Ndiyo maana madaktari wengi wa tezi, wakijua kwamba neva ya upande wa kwanza imenyamaza, huahirisha upande wa pili hata mgonjwa akiwa bado mezani, maadamu hakuna dharura.

Na wewe, kwa ulivyoandika, huna dharura. Kilichokubana kimekwisha kutolewa, hakikuwa saratani, na vinundu vilivyobaki ni vidogo na havikusumbui. Vinundu vya namna hiyo mara nyingi hufuatiliwa kwa kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti, na kinachotiliwa shaka huchomwa sindano nyembamba ili chembe zake zipimwe, bila kisu. Mwulize daktari wako hivi: ni kitu gani kitaharibika tukisubiri miezi sita au mwaka? Kama ana jibu zito, kwa mfano kwamba kinundu kimoja kina sura ya saratani, basi upasuaji una sababu, lakini ufanywe na mtu aliyezoea tezi, mahali penye kifaa cha kusikiliza neva ikiwezekana, na wenye jukumu la nusukaputi wakijua kabla kwamba uzi mmoja umelala. Kama jibu lake ni "kumaliza kazi" tu, mimi singetia saini. Kuna faida nyingine ya kusubiri: nusu ya tezi iliyobaki huenda ikaendelea kukutengenezea homoni ya kutosha, wakati aliyetolewa tezi yote humeza dawa ya homoni maisha yake yote. Omba pia kipimo cha damu cha tezi, kwa maana upungufu wa homoni hiyo peke yake huifanya sauti kuwa nzito na yenye mkwaruzo, na ungekuwa uzembe kuilaumu neva kwa kosa la homoni.

Kuhusu kurudi kwa sauti, wiki saba ni mapema. Neva iliyovutwa bila kukatika huamka baada ya wiki kadhaa au miezi, wengi ndani ya miezi sita, wengine hadi kufikia mwaka mmoja. Neva iliyoharibika ndani na kulazimika kuota upya husogea takribani milimita moja kwa siku, na inapofika huenda vinyuzi vyake vikaingia kwenye misuli isiyo yake, vya kufungua vikaenda kufunga, hivyo uzi wa sauti ukapata uhai bila kutembea sawasawa. Hata hivyo sauti huweza kuimarika uzi ukiwa umelala vilevile, kwa kuwa mwenzake hujifunza kuvuka katikati na kuufuata. Kuwa imekwisha kurudi kidogo ni dalili njema, ingawa haituambii ni kwa njia ipi kati ya hizo.

Unaweza kuifuatilia mwenyewe nyumbani. Mara moja kwa wiki, asubuhi, vuta pumzi kamili, useme "aaa" kwa sauti ya kawaida bila kukata, huku mtoto wako mkubwa akishika saa. Mtu mzima mwenye zoloto linalofunga vizuri kwa kawaida hufikisha sekunde 15 au zaidi. Mwenye mwanya mara nyingi hafiki 10. Andika tarehe na sekunde kwenye daftari na uende nalo kwa bingwa.

Acha kunong'ona. Najua jirani yako alisema kwa wema, lakini mnong'ono wa kutwa nzima huwafanya watu wengi wakaze zoloto zaidi kuliko wanapozungumza polepole kwa sauti ya chini ya kawaida. Zungumza kwa sentensi fupi, karibu na mtu, na unyamaze kabisa unapochoka. Mayai mabichi na asali, mwambie mama mkwe kwa heshima zote, havifiki zilipo nyuzi za sauti, kwa sababu kila kinachomezwa hupita nyuma yake na kwenda kwenye umio. Kikizigusa nyuzi ndipo unapopaliwa. Asali haina ubaya. Yai bichi laweza kukuletea vijidudu vya tumbo, na mtu mwenye kikohozi dhaifu hahitaji kutapika.

Usiache kunywa maji, maana koo lililokauka huzidisha tabu. Kaa wima, chukua funda dogo, shusha kidevu kuelekea kifuani, geuza uso upande wa kulia, yaani upande tunaoushuku, kisha umeze. Kugeukia upande dhaifu hupunguza nafasi upande huo na kuyaelekeza maji upande wenye nguvu. Baada ya kumeza, kohoa kidogo, umeze tena. Ukipata homa na kikohozi cha makohozi baada ya kupaliwa, usingoje, nenda hospitali, na uende siku hiyohiyo ukisikia mlio unapovuta hewa au ukishindwa kupanda kilima ulichozoea kwa sababu hewa haiingii.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, lakini bingwa akiona uzi umelala muulize kama unaweza kufikishiwa hata vikao vichache vya mazoezi ya pumzi na sauti. Mwalimu anayeishi kwa kuongea halazimiki kungoja mwaka mzima akiwa bubu: kuna sindano ya kuunenepesha uzi uliolala, kwa mafuta ya mwili wa mgonjwa au kwa utomvu maalumu unaoyeyuka baada ya miezi kadhaa, ili mwenzake aukute karibu wakati neva ikisubiriwa. Baada ya miezi sita hadi mwaka bila mabadiliko ndipo huzungumziwa tiba ya kudumu, kwa mfano kupachika kipande kidogo kupitia ubavu wa zoloto ili kuusukuma uzi katikati, njia iliyoasisiwa na Isshiki wa Japani katika miaka ya 1970, au kuunganisha neva nyingine ya shingo na ile iliyokufa. Tiba hizi hazipatikani kila mahali, ila ni vyema ujue kwamba zipo.

Mwalimu mkuu mpelekee barua ya bingwa mara tu utakapoipata, umwombe akupunguzie vipindi kwa muhula huu, na kwa vile utakavyobaki navyo utumie kipaza sauti kidogo cha kuvaa, kama kile wanachotumia wauzaji wa minadani. Darasa la tatu watacheka siku mbili, kisha watagombania kukushikia.

Nimeliacha la kwaya mwisho, si kwa kuwa ni dogo. Kumbuka tawi la nje la neva ya juu, lile linaloamrisha msuli wa kukaza. Nalo hushuka jirani kabisa na mshipa wa damu unaoilisha tezi kutoka juu, na daktari anayeufunga mshipa huo anaweza kuligusa. Akiligusa hilo peke yake, mgonjwa huongea vizuri lakini noti za juu humkimbia na sauti huchoka upesi. Neva hii imehusishwa na jina la Amelita Galli-Curci, mwimbaji mashuhuri wa opera mzaliwa wa Milano, aliyetolewa rovu Chicago mwaka 1935. Kwa miaka mingi madaktari walisimuliana kwamba upasuaji ule ndio uliomnyang'anya sauti, ingawa waliochunguza baadaye wanasema sauti yake ilikuwa imeanza kushuka kabla. Kwa wewe, mwambie bingwa waziwazi kwamba unaimba sauti ya kwanza, maana udhaifu wa msuli huo ni mgumu kuuona kwenye kamera na daktari asiyeambiwa hautafuti. Mpaka utakapotazamwa, hudhuria mazoezi, fuata noti kwa macho, lakini usiimbe. Neva irudiayo ikiamka na tawi la juu likiwa zima, noti za juu zinaweza kurudi. Zisiporudi zote, sauti ya pili nayo ina nafasi yake katika kwaya yoyote.

Ukishapata majibu ya kamera, tuandikie tena, na unakili maneno ya taarifa ya upasuaji yahusuyo neva kama yalivyoandikwa.

Mshauri